Wells na Vita vya Sakafuni

Aghalabu jina la Herbert George Wells linapotajwa katika shule zetu, hutajwa pamoja na chombo cha kusafiria katika wakati, au viumbe wa sayari ya Mirihi walioivamia Uingereza. Hayo ni sawa, maadamu ndiye aliyeandika The Time Machine mwaka wa 1895 na The War of the Worlds mwaka wa 1898. Lakini lipo jambo jingine katika maisha yake ambalo wengi hulipuuza. Mwandishi huyo mashuhuri, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 40, alikuwa akipiga magoti sakafuni nyumbani kwake, akijenga vijiji vya mbao na karatasi ngumu, kisha akivipiga mizinga. Makala haya yanadai kwamba hatuwezi kumfahamu Wells barabara bila kupiga magoti pamoja naye hapo sakafuni.

Alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, kusini mashariki mwa London. Baba yake, Joseph, alikuwa na duka la vyombo vya kaure lisilokuwa na faida ya maana, naye akijazia pato lake kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mama yake, Sarah, alikuwa mtumishi katika majumba ya wakubwa kabla ya kuolewa. Mwaka wa 1874 mtoto huyo alivunjika mguu, na vitabu alivyoletewa kitandani ndivyo vilivyomtia kiu ya kusoma isiyokatika maisha yake yote. Miaka mitatu baadaye baba naye akavunjika paja, na kriketi ikawa imekwisha. Mama akarudi utumishini, na kijana akapelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa huko Southsea. Kazi hiyo aliichukia kwa moyo wake wote.

Kilichomwokoa ni ualimu. Mwaka wa 1883 alipata nafasi ya kuwa mwanafunzi na wakati huo huo msaidizi wa mwalimu katika shule ya Midhurst, na mwaka uliofuata akashinda ufadhili wa kusomea sayansi London, ambako alifundishwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mkubwa wa Darwin. Aliondoka huko bila shahada. Akaenda kufundisha Wales, na huko, mwaka wa 1887, mchezaji mmoja alimpiga teke kwenye mchezo wa kandanda likamwumiza figo vibaya. Baada ya kuugua sana alirudi darasani, safari hii London, katika shule ya babake A. A. Milne, ambaye alikuwa mwanafunzi wa hapo na alikuja kuwa mtunzi maarufu wa hadithi za watoto. Shahada aliipata mwaka wa 1890, na mwaka wa 1893 akachapisha kitabu cha kiada cha biolojia. Kwa hiyo, kabla ya kuwa mtunzi, Wells alikuwa mwalimu hasa, mwenye chaki mkononi na deni mfukoni.

Tuziruke ndoa zake mbili na mambo mengine ya faragha ambayo waandishi wa maisha yake wameyachokonoa vya kutosha. Kufikia mwanzo wa karne ya ishirini riwaya zilikuwa zimempa fedha, akajijengea nyumba huko Sandgate, pwani ya Kent. Wanawe wawili wa kiume, George Philip na Frank, walizaliwa mwaka wa 1901 na 1903. Hapo ndipo sakafu inapoingia katika kisa chetu.

Mwaka wa 1911 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Floor Games, yaani michezo ya sakafuni. Ndani yake Wells analalamika kama mzazi yeyote aliyetoka dukani mikono mitupu. Wauza vitu vya kuchezea, asema, hawajui mtoto anataka nini. Matofali ya mbao huuzwa katika visanduku vyenye vipande vichache mno, visivyotosha kujenga chochote cha haja. Vilevile maduka yamejaa sanamu za askari na mabaharia, lakini ukitaka raia wa kawaida, mathalan mchuuzi wa nyama au mwoka mikate, huwapati. Mtoto akijenga mji, hana wa kumkalisha humo ila wanajeshi! Nadhani hii ni hoja nzito kuliko alivyokusudia mwenyewe, na kila mwalimu wa watoto wadogo anapaswa kuitafakari.

Dawa yake ilikuwa kujitengenezea. Mbao zilikatwa kwa vipimo vinavyolingana ili vipande viwili vya nusu viwe sawa na kimoja kizima. Kwa matofali hayo na mbao pana, baba na wanawe walijenga visiwa, sakafu yote ikiwa bahari, na miji miwili jirani kila mmoja ukiwa na meya wake. Reli ya gari moshi la kutia ufunguo ilipita katikati. Udongo wa kuchezea ulitumika pale ambapo mbao hazikufaa.

Kitabu cha pili, Little Wars, kilitoka mwaka wa 1913. Asili ya mchezo wenyewe ni mzinga mdogo wa kamani uliorusha kijiti cha mbao, na ambao kwa shabaha nzuri uliweza kumwangusha askari wa madini ya risasi kutoka upande wa pili wa chumba. Mgeni mmoja, anayesadikiwa kuwa ni mwandishi Jerome K. Jerome, alianza kuwalenga askari hao baada ya chakula cha mchana, na mashindano yakazaliwa. Mara ya kwanza vilima vilikuwa mabuku ya ensaiklopidia yaliyotandazwa chini. Baadaye wakaona haifai, wakaanza kuiunda nchi kwa makini zaidi. Mbao zilipandanishwa zikawa miinuko. Vijiti vya miti ya bustanini vilichomekwa katika matundu ya vibao vikawa msitu. Mito ilichorwa kwa chaki. Nyumba zilitengenezwa kwa karatasi ngumu na kupakwa rangi, milango na madirisha yakachorwa. Shamba moja na kanisa lake ndilo lililokuwa uwanja wa pambano analolisimulia kwa kirefu katika kitabu hicho, na mkewe, Amy Catherine, ndiye aliyepiga picha.

Sheria zilikuwa chache. Askari wa miguu alisogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili, na mzinga usio na watu wanne karibu nao haukuruhusiwa kupiga. Kila mchezaji alipimiwa muda kwa saa, hata mwenye kusitasita akajikuta zamu imepita. Jalada lilitangaza kuwa mchezo huu unawafaa wavulana wa miaka 12 hadi 150, na pia wasichana wale wenye akili zaidi. Maneno hayo ya mwisho yana kiburi cha zama zake, na siyatetei.

Wells hakuwa wa kwanza kucheza vita mezani. Huko Prussia, mwaka wa 1812, von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza yenye vipande vya ardhi vilivyofinyangwa kwa plasta, na mwaka wa 1824 mwanawe akaukamilisha mchezo huo uwe chombo cha kuwafunza maofisa. Tofauti ni kwamba Wells aliuondoa katika ikulu akauweka mbele ya mtu yeyote mwenye kadibodi, gundi na mkasi. Wafuasi wa mchezo huu huko Uingereza na Marekani hadi leo hujenga vijumba vyao kwa maboksi ya vyakula na vijiti vya aiskrimu. Ukiichuna karatasi ya juu ya katoni, ile mikunjo ya ndani huonekana kama paa la mabati. Watoto wetu, wanaounda magari kwa waya na makopo, hawahitaji kufundishwa siri hiyo na mtu yeyote.

Sasa nifike penye mwiba. Mwishoni mwa Little Wars, Wells aligeuka akavikemea vita vya kweli. Alieleza kwamba mtu akicheza mara tatu au nne tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kubabaisha, la gharama kupita kiasi, na lisilolingana na akili ya binadamu. Afadhali, alisema, wenye uchu wa kupigana wafungiwe chumbani na askari wao wa risasi. Hayo yalichapishwa mwaka wa 1913.

Agosti 1914 vita vikaja, na mtu yule yule akashika kalamu kuviunga mkono. Makala aliyoandika wakati huo yalikusanywa katika kitabu ambacho jina lake liliahidi kuwa vita hivyo vitavikomesha vita vyote. Wanawe walikuwa na umri wa miaka 13 na 10, kwa hiyo hawakuandikishwa. Watoto wa wengine waliandikishwa. Wala vita hivyo havikuishia Ulaya: Novemba 1914 jeshi la Uingereza lililotoka India lilishindwa Tanga, na kwa miaka minne vijana wa nchi hii na jirani zake walichukuliwa kuwa wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu. Mtaa wa Kariokor jijini Nairobi umebeba jina la kikosi chao.

Wapo wanaosema kuwa michezo ya vita ndiyo iliyompofusha Wells. Mimi sikubaliani nao. Kilichompofusha ni imani yake kwamba werevu wachache wanaweza kuipanga dunia kama alivyozipanga mbao zake, na imani hiyo haikutoka sakafuni bali ilikuwamo katika vitabu vyake vya kabla. Sakafuni, kinyume chake, kila mpango wake ulivurugwa na kijiti cha mbao kilichorushwa na mtoto.

Mwaka wa 1918 alifanya kazi kwa muda katika idara ya propaganda ya serikali, akajiuzulu. Kisha akaandika historia ya ulimwengu wote, The Outline of History, iliyotoka mwaka wa 1920 na kusomwa na watu wengi mno. Pamoja na mwanawe George Philip, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama, na Julian Huxley, mjukuu wa mwalimu wake, akatoa The Science of Life. Mwaka wa 1940, mabomu yakiangukia London naye akikataa kuhama, alikuwa akipigania tamko la haki za binadamu.

Alifariki nyumbani kwake London tarehe 13 Agosti 1946. Mwaka mmoja kabla ya hapo bomu la atomiki, silaha aliyoibuni kwa jina katika riwaya yake ya mwaka wa 1914, lilikuwa limeangushwa Hiroshima. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakatawanywa baharini kusini mwa Uingereza. Little Wars bado inachapishwa, pamoja na zile picha alizopiga mkewe za kanisa la karatasi na askari waliolala chini mbele ya mlango wake.