Grierson: Mwalimu wa Muziki Aliyegeuka Jemadari

Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, walinena wahenga. Benjamin Grierson, aliyezaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1826, hakuumwa na nyoka bali alipigwa teke la uso na farasi akiwa na umri wa miaka minane. Alikaa muda akiwa haoni, na kovu likabaki naye maishani. Ukubwani alifundisha muziki na kuongoza bendi, akajaribu duka, likamfilisi.

Mwaka 1861 majimbo ya Kusini yalijitenga ili kuulinda utumwa, na vita vikazuka. Grierson akajiunga na jeshi la Kaskazini, na kudura ikampeleka pale pale asipopataka: kikosi cha askari wa farasi.

Tarehe 17 Aprili 1863 aliondoka La Grange, Tennessee, na watu 1,700. Jenerali Grant alitaka kuvuka mto Mississippi auteke mji wa Vicksburg, na kazi ya Grierson ilikuwa kuwababaisha maadui nyuma ya migongo yao. Njiani aliwarudisha wagonjwa, kisha kundi zima jingine, ili nyayo za farasi ziwapoteze waliomfuata. Huko Newton Station aliing'oa reli iliyoilisha Vicksburg. Baada ya siku 16 na maili 600 akatokea Baton Rouge, Louisiana, amepungukiwa na watu wasiofika 30. Vicksburg ikaanguka tarehe 4 Julai.

Hapo ndipo jina lake lilipovuma. Lakini mtihani mkubwa ulimngoja wakati wa amani.

Mwaka 1866 alipewa kikosi kipya, cha 10 cha askari wa farasi, ambacho askari wake wote walikuwa weusi. Maafisa wengi weupe walikikataa cheo cha namna hiyo. Kambini Fort Leavenworth askari wake walipangiwa kinamasi, na kwenye gwaride wakaamriwa wasisimame karibu na weupe. Grierson aligombana na mkuu wa kambi, wala hakurudi nyuma. Na Luteni Henry Flipper, mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha West Point, aliposhtakiwa mwaka 1881, Grierson alimtetea kwa maandishi. Flipper alifukuzwa jeshini hata hivyo; msamaha ulikuja mwaka 1999.

Tusifiche upande wa pili. Mwaka 1880, katika jangwa la Texas, Grierson alikalia visima vya maji, na Victorio, kiongozi wa Waapache, akashindwa kupita. Waliokombolewa jana walitumwa kuwazuia wenyeji waliopigania ardhi yao. Dhuluma ina mikono mingi.

Grierson alikaa na kikosi hicho hadi 1888, miaka 22. Ujenerali wa jeshi la kudumu haukumfikia mpaka Aprili 1890, miezi mitatu kabla ya kustaafu. Alifariki mwaka 1911. Maili 600 zilimpa sifa. Miaka 22 ilimpa heshima.