Folkman: Daktari aliyedhihakiwa kabla ya kusadikiwa

DKT Judah Folkman alichekwa na wanasayansi wenzake kwa miaka mingi kabla ya ulimwengu kukiri kwamba alikuwa amefumbua fumbo kuu la saratani: uvimbe haukui pasipo damu.

Folkman alizaliwa mwaka wa 1933 mjini Cleveland, Marekani. Babaye, kiongozi wa dini ya Kiyahudi, alizoea kuandamana naye hospitalini kuwaombea wagonjwa. Huko ndiko mtoto huyo alikoanza kutamani udaktari. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mnamo 1957.

Mapema katika miaka ya 1960, akihudumu katika jeshi la wanamaji, yeye na mwenzake walipandikiza seli za saratani katika tezi zilizotolewa mwilini mwa wanyama na kuhifadhiwa kwenye maabara. Uvimbe ulikua hadi milimita moja au mbili, kisha ukakoma. Ulipohamishiwa kwa panya hai, ulinawiri upesi. Tofauti ilikuwa moja: ndani ya panya, mishipa mipya ya damu iliota na kuulisha.

Mnamo 1967, akiwa na umri wa miaka 34 pekee, aliteuliwa kuwa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya watoto mjini Boston. Miaka minne baadaye alichapisha nadharia yake: uvimbe hutoa kemikali za kuita mishipa ya damu, na wito huo ukizimwa, uvimbe utakufa njaa.

Wengi walimbeza. Walidai kuwa mishipa hiyo ilikuwa tu dalili ya mwili kuwaka na kuvimba, kama ufanyavyo panapo kidonda. Folkman hakutetereka. Mnamo 1981 aliacha wadhifa wake wa upasuaji ili ajitolee kwa utafiti.

Ajabu ni kwamba mambo hayo mawili yamebainika kuwa ndugu. Katika saratani ya tezi dume, kwa mfano, seli za kinga zinazokimbilia uvimbe, pamoja na seli za saratani zenyewe, hutoa molekuli za ishara kama vile intaleukini-8, ambazo huchochea mishipa kuota. Kinga iliyokusudiwa kuuokoa mwili hugeuka kuwa mpishi wa adui.

Mnamo 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, dawa ya kuzuia mishipa hiyo, kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Hata hivyo, ilipojaribiwa kwa zaidi ya wanaume 1,000 wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kuwa haikuwarefushia maisha. Saratani hiyo ina njia nyingi za kuita damu.

Folkman hakuyaona matokeo hayo. Alifariki kwa mshtuko wa moyo Januari 14, 2008 katika uwanja wa ndege wa Denver, akiwa safarini kuhudhuria kongamano la wanasayansi. Swali aliloliuliza akiwa kijana lingali linawakesha watafiti.