Ernst Abbe, mwanasayansi aliyeupima uchovu wa mfanyakazi

Mtoto Ernst Abbe, aliyezaliwa tarehe 23 Januari 1840 mjini Eisenach, Ujerumani, alizoea kumpelekea baba yake chakula cha mchana kiwandani. Baba huyo alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, bila mapumziko. Alikula amesimama, ameegemea mashine, akamrudishia mwanawe chombo kitupu na kuendelea na kazi. Kabla ya kutimiza miaka 50 alikuwa na sura ya mzee. Mtoto hakuyasahau hayo.

Elimu ilimfikisha Abbe katika Chuo Kikuu cha Jena, ambako mwaka 1866 Carl Zeiss, mtengenezaji wa hadubini, alimwomba msaada. Hesabu zake juu ya mwanga na lenzi zilikikuza kiwanda hicho na kumtajirisha mwenyewe. Zeiss alifariki mwaka 1888, na mwaka uliofuata Abbe aliunda wakfu wenye jina la rafiki yake, ambao baadaye aliukabidhi hisa zake.

Mwaka 1900 alipunguza siku ya kazi kutoka saa tisa hadi nane. Wengi wangelitosheka na kuitwa wema. Yeye alitaka ushahidi. Alichukua hesabu za wafanyakazi 233 waliolipwa kwa kila kipande cha kazi, akalinganisha mwaka uliotangulia mabadiliko na ule uliofuata. Ili kufidia saa iliyoondolewa, kila saa iliyobaki ilihitaji kuzaa asilimia 12.5 zaidi. Ilizaa asilimia 16.2. Kwa hiyo, kazi ya siku nzima iliongezeka badala ya kupungua.

Abbe alieleza kwamba chakula na usingizi lazima vifute uchovu wote wa siku. Ukibaki hata kidogo, kesho huongezwa juu ya mwingine, mpaka mwili unashindwa. Aidha, kusimama tu mahali pa kazi, katikati ya kelele, humchosha mtu hata kama mikono yake haifanyi lolote.

Kanuni hiyo hakuifuata yeye mwenyewe. Kazi nyingi zilimwondolea usingizi, akaacha uongozi wa kiwanda mwaka 1903, na kufariki tarehe 14 Januari 1905. Viwanda vya Ujerumani kwa jumla viliamriwa kufuata siku ya saa nane mnamo Novemba 1918.