WALITAFUTA BUNDUKI NYUMBANI KWA ASKOFU!

Kijana mwenzangu, subiri kidogo! Kabla hujaikunja karatasi hii ukafungie karanga, soma kisa hiki. Ni cha kweli, tena si cha mbali.

Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, kaskazini mwa Uganda. Utotoni alichunga mbuzi, baadaye akawa mwalimu. Januari 6, 1948 moto wa uamsho ulimkuta kijijini kwao, akatubu, akaokoka. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Yaani hata hapo jirani tu, ukishavuka Kagunga, palikuwa chini ya uangalizi wake.

Wakati huo Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, aliyepindua serikali Januari 1971. Watu walikamatwa, wengi wasionekane tena. Luwum hakuingia msituni wala hakuunda jeshi. Silaha yake ilikuwa maombi na kusema kweli. Alikwenda mwenyewe kwenye ofisi za wale wakamataji kuwaombea waliofungwa!

Usiku wa Februari 5, 1977 askari waliingia kwake kwa nguvu, wakapekua kila mahali wakitafuta bunduki. Hawakukuta kitu. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Februari 16 wakaitwa mbele ya umati wa askari. Silaha zimepangwa chini, eti ndizo za njama zake! Askari wakapiga kelele auawe. Wenzake wakaachiwa, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Hebu niambie, ni ajali gani ya gari inayoacha matundu ya risasi mwilini?

Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alikimbia kwa miguu na mke wake, wakavuka milima hadi Rwanda. Je, alitafuta bunduki alipe kisasi? La! Alimsamehe Amin, tena akaandika kitabu kusema anampenda.

Amin aliangushwa Aprili 1979, akafa uhamishoni Saudi Arabia mwaka 2003. Lakini Februari 16 ni sikukuu ya taifa Uganda, kwa jina la Luwum.

Na wewe wa Kibirizi, Mwanga, Ujiji? Labda ndugu yako aliuawa ng'ambo ya ziwa. Labda yupo mtu unamvizia na panga. Unaona kusamehe ni unyonge. Sasa jiulize: mnyonge ni nani, aliyekuwa na jeshi zima akaogopa barua, au aliyebaki peke yake asirudi nyuma?

Nguvu ile Luwum hakuzaliwa nayo. Aliipata siku alipotubu. Nawe hapo ulipo, hata kama ni ufukweni kati ya mitumbwi na dagaa, mwambie Yesu kwamba umechoka na dhambi. Mtajie jina la yule unayemchukia. Mwombe aingie moyoni mwako akuoshe.

Usiseme kesho. Kesho si yako! Jioni hii njoo mkutanoni, pita mbele, tuombe pamoja.