William Lever: muuza duka aliyetajirika kwa jina la sabuni

Katoni za sabuni hupita kila siku katika barabara ya Arua kwenda Koboko, nyingine zikiendelea Oraba na Kaya, nyingine zikivuka Vurra kuelekea Aru. Mteja wa pande zote hizo haombi sabuni tu, bali huitaja kwa jina. Mmoja wa watu waliofanya desturi hiyo ienee duniani ni Mwingereza William Hesketh Lever. Hakuanza kama mtaalamu wa kemia wala mwenye kiwanda. Alianza kama mfanyabiashara wa jumla, kama walivyo wasomaji wetu wengi.

Lever alizaliwa tarehe 19 Septemba 1851 katika mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, James Lever, aliuza vyakula kwa jumla. Kijana aliingia dukani akiwa na umri wa miaka 16 hivi, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kukata miche mirefu ya sabuni na kufunga vipande kwa karatasi. Zama zile sabuni haikuwa na jina. Mwenye duka alikata, akapima, akauza. Mwaka 1872 baba alimfanya mshirika katika biashara, naye akawa anazunguka vijijini kuchukua oda za wateja.

Miaka hiyo ya 1870 Lever alianza kuuza sabuni aliyoiita Lever's Pure Honey, yaani asali safi ya Lever. Sabuni ilipendwa, lakini jina lilikuwa na kasoro. Maneno "safi" na "asali" ni ya kila mtu, na muuzaji yeyote aliweza kuyaandika kwenye sabuni yake. Uingereza ilikuwa imefungua daftari la alama za biashara tarehe 1 Januari 1876, lakini daftari hilo halikumpa mtu haki ya kumiliki maneno ya kawaida yanayoeleza tu bidhaa ilivyo.

Tarehe 1 Januari 1884 sheria mpya ilianza kutumika nchini humo, ikiweka hataza, michoro ya bidhaa na alama za biashara chini ya mfumo mmoja. Mwaka huo Lever alikwenda Liverpool kwa wakala wa hataza na alama za biashara, W. P. Thompson. Sabuni ilikuwa kitu cha kale, hivyo hakuwa na uvumbuzi wa kuombea hataza. Alichotaka ni jina ambalo wengine wasingeweza kulitumia. Wakala alimwandikia orodha ya majina kwenye karatasi. Lever hakuridhika nayo, akaondoka. Baada ya siku chache jina moja la kwenye orodha ile likamrudia kichwani: Sunlight, mwanga wa jua. Aliharakisha kurudi Liverpool akihofia kwamba mwingine ameshaliwahi. Alikuta bado lipo, akaliandikisha.

Tuzingatie jambo hili. Wakati anasajili jina, Lever hakuwa na kiwanda hata kimoja. Sabuni yake ilitengenezwa na viwanda vya watu wengine. Jina lilitangulia, mitambo ikafuata. Mwaka 1885 yeye na mdogo wake James Darcy walikodi kiwanda mjini Warrington. Katika muda wa miaka miwili hivi uzalishaji ulipanda kutoka takriban tani 20 kwa wiki hadi tani 450. Sabuni ilikatwa na kufungwa kiwandani, jina likiwa juu ya kila kipande, hivyo mwenye duka hakuweza kubadilisha bidhaa bila mteja kugundua. Mwaka 1888 alianza kujenga kiwanda kikubwa pamoja na mji wa wafanyakazi, akauita Port Sunlight. Baadaye zilifuata Lifebuoy, Lux na Vim.

Jina linalojulikana lina gharama zake. Mwaka 1906, bei ya malighafi ilipopanda, Lever alipunguza uzito wa kipande kutoka aunsi 16 hadi 15 bila kushusha bei. Wakati huohuo alikuwa anaunganisha kampuni kubwa za sabuni. Magazeti yalimshambulia vikali na mauzo yakaanguka. Aliyashtaki, na mwaka 1907 alilipwa fidia ya pauni 50,000. Hata hivyo wateja walikuwa wameonyesha kwamba jina wanaloliamini wanalipima kwenye mizani.

Kuna upande mwingine usiopaswa kufichwa. Mwaka 1911 Lever alitia saini mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa maeneo makubwa ya michikichi nchini Congo. Kituo kimoja kiliitwa Leverville, ambacho leo ni Lusanga. Wakongo wengi walilazimishwa kukata mawese huko kwa malipo duni. Usafi wa sabuni iliyouzwa Ulaya ulikuwa na jasho la watu wasiotajwa kwenye karatasi yake.

Lever alifariki London tarehe 7 Mei 1925, akiwa na cheo cha Viscount Leverhulme. Mwaka 1929 kampuni yake ilikubaliana kuungana na kampuni ya Uholanzi ya siagi bandia, ikazaliwa Unilever.

Kwa wafanyabiashara wa West Nile, somo limo katika ile sabuni ya kwanza. Mkoa huu unasifika kwa asali, na anayebandika chupa zake maneno "Asali Safi" yuko pale pale alipokuwa Lever kabla ya 1884. Sheria ya Alama za Biashara ya Uganda ya mwaka 2010 nayo hailindi kirahisi maneno yanayoeleza sifa ya bidhaa au kutaja mahali inakotoka tu. Chagua jina la pekee, kisha fanya upekuzi katika daftari la URSB, ambayo ina ofisi Arua. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10.

Usajili wa Uganda unaishia mpakani. Ukivuka Vurra, jina lako halina ulinzi mpaka uliandikishe Congo pia. Kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Paris, ukiomba Uganda una miezi 6 ya kuomba Congo au Uingereza huku ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Anayelenga Ulaya akumbuke kwamba tangu 1 Januari 2021 alama ya Umoja wa Ulaya hailindi tena bidhaa Uingereza, hivyo maombi ni mawili.

Uzembe una hatari zake. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno Kikoy, linalotokana na kikoi cha pwani yetu. Pingamizi liliwekwa kwa niaba ya wazalishaji wa Kenya, na mwaka 2008 kampuni hiyo ikaachana na ombi. Safari hiyo kulikuwa na watu waliokuwa macho. Mwenye chupa kumi za asali sokoni Koboko hana wa kumlinda ila yeye mwenyewe, na wakati wa kuandikisha jina ni sasa, kabla halijapata umaarufu.