Carl Akeley, Mchongaji Aliyezikwa Virunga

Askari aliye lindoni mjini Gisenyi alfajiri, mawingu yanapoondoka, huiona milima ya Virunga imesimama mbele yake. Kati ya Mikeno na Karisimbi, upande wa Kongo, pana mahali paitwapo Kabara. Hapo amezikwa Carl Akeley, mchongaji wa sanamu kutoka Marekani.

Alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New York, mtoto wa mkulima. Kazi yake ilikuwa kuwatengeneza wanyama waliokufa kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Siku hizo mafundi walishindilia majani makavu ndani ya ngozi kama wajazao godoro, na simba alitoka kama gunia. Akeley hakuridhika. Yeye aliufinyanga kwanza mwili wa mnyama kwa udongo, msuli kwa msuli, juu ya kiunzi cha mifupa. Kisha akatoa kalibu ya plasta, akaunda umbo jepesi na kulivika ngozi.

Ushujaa hakupungukiwa. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, alimuua kwa mikono mitupu chui aliyemjeruhi kwa risasi. Mwaka 1910 tembo alimponda katika Mlima Kenya, hata wapagazi wakadhani amekufa. Mwingine angewachukia tembo. Yeye, mwaka 1913, alitoa sanamu ya shaba: tembo wawili wamemshikilia katikati yao mwenzao aliyejeruhiwa, wakiondoka naye. Aliyewahi kumbeba mwenzake vitani hahitaji kufafanuliwa sanamu hiyo.

Mwaka 1921 alifika Virunga kutafuta gorila wa makumbusho ya New York. Wakauawa watano. Alipozitazama nyuso zao ili azichukulie kalibu, alijiona muuaji. Kwa maoni yangu, kukiri hivyo kulitaka moyo mkuu kuliko kupigana na chui.

Aliishawishi serikali ya Ubelgiji, na tarehe 21 Aprili 1925 Mfalme Albert akatangaza hifadhi ya taifa, ya kwanza barani Afrika. Mwaka 1929 ilipanuliwa hadi Rwanda.

Akeley alirudi mwaka 1926. Aliugua njiani akipanda, akakataa kushuka, akafariki Novemba mwaka huo, umri miaka 62. Mkewe, Mary, alibaki mlimani akaikamilisha kazi ya msafara.

Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa New York mwaka 1936. Gorila wa 1921 wamo humo, na nyuma yao imechorwa milima ya Virunga.