Robert Koch na Siri ya Maziwa Mabichi

Mwezi uliopita nilipanda bara kumzuru mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaaye Ruiru na kusomea elimu ya vyakula katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kile kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Sisi watu wa pwani tukipanda bara huwa tunawaza mambo mawili, baridi na maziwa. Baridi tunaiogopa, maziwa tunayatamani. Basi alfajiri, baada ya swala, mchuuzi alipita na baiskeli yake iliyofungwa mitungi, nikanunua lita moja, maziwa yakiwa bado na uvuguvugu wa ng'ombe, nikayamimina bilaurini. Sijayafikisha kinywani, binti akaipokea ile bilauri kwa adabu zote, akayarudisha sufuriani na kuyasimamia mpaka yakatokota. Nami mjomba wake, na mvi zangu hizi, nikakaa kimya kama mtoto wa chuoni aliyeshindwa kuisoma sura yake mbele ya mwalimu.

Siku ya pili akanichukua kwao Juja, na kwa ruhusa ya wakubwa wake akanionyesha visahani vya kioo vyenye kitu mfano wa faluda, na juu ya faluda hiyo vimeota vidoa, vingine vyeupe vingine manjano. Kila kidoa, alinieleza, ni kizazi cha kijidudu kimoja kilichokuwa ndani ya tone la maziwa mabichi. Nikamwuliza ni nani aliyebuni hila hii ya kukipandisha kisichoonekana mpaka kikaonekana. Akanitajia jina ambalo mimi nililijua kwa sababu nyingine kabisa, maana mwenye jina hilo aliwahi kukaa Dar es Salaam yetu hii. Jina ni Robert Koch. Niliporudi Mombasa nilifungua vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, mji wa machimbo ya madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa machimbo hayo, na nyumba ilijaa watoto. Alisomea utabibu Göttingen akahitimu mwaka 1866. Ujanani alitamani sana kusafiri nchi za mbali, lakini riziki ilimpeleka Wollstein, mji mdogo ambao leo umo katika Poland, akawa tabibu wa wilaya. Mchana alitibu wakulima, na usiku aliinamia hadubini aliyozawadiwa na mkewe, Emmy, katika chumba alichokigawa kwa pazia, upande mmoja wagonjwa na upande mmoja panya wake.

Wilaya ile ilikuwa ikisumbuliwa na kimeta. Ng'ombe na kondoo walianguka wakafa, na watu pia waliambukizwa. Wataalamu walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya mnyama wa kimeta, lakini hakuna aliyethibitisha kuwa vijiti hivyo ndivyo viuavyo. Koch alivikuza katika maji ya jicho la ng'ombe, akaviona vikirefuka, kisha vikifanya mbegu ngumu ambazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Mwaka 1876 alibeba vyombo vyake mpaka Breslau akayaonyesha hayo mbele ya mabingwa, nao wakakubali. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kijidudu kimoja kuthibitishwa kuwa chanzo cha maradhi mamoja.

Hapa nasimama kidogo. Sisi tuliofunzwa tangu utotoni kuwa nyamafu ni haramu hatukungoja hadubini ya Wollstein. Hata hivyo sikufichi msomaji kwamba nilifurahi kusoma habari ya mbegu zile, kwani kila baada ya muda husikika hapa Kenya watu waliomchinja ng'ombe aliyekwisha kujifia, wakagawana nyama, na baada ya siku chache wakajaza vitanda vya hospitali.

Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin. Shida yake kubwa wakati huo ilikuwa moja: katika supu vijidudu huchanganyika, wa kheri na wa shari, na huwezi kumjua aliyeua. Alijaribu vipande vya viazi vilivyopikwa. Akajaribu jelatini, ile itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama, ikawa nzuri ila iliyeyuka kwa joto la mwili, na vijidudu vingine viliila. Mkombozi alitoka jikoni. Mmoja wa wasaidizi wake, Walther Hesse, alikuwa na mke aitwaye Fanny ambaye halua zake za matunda hazikuyeyuka hata katikati ya kiangazi. Siri yake aliipata kwa jirani aliyewahi kukaa Java: unga wa mwani, yaani agari. Akina mama wa Mombasa watacheka, maana hiyo ndiyo ile chaina-grasi wanayoinunua madukani kufanyia faluda mwezi wa Ramadhani. (Aliye na shamba la mwani Paje au Kibuyuni asikimbilie kudai fungu lake, mwani wetu ni wa jamaa nyingine, na utelezi wake una kazi nyingine.) Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Petri, akatengeneza kisahani cha kioo chenye kifuniko. Koch na Petri wana majina vitabuni. Bibi Fanny sikumwona ila kwa kumtafuta.

Kwa hila hizo alikifichua kijidudu cha kifua kikuu, akakitangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka uliofuata kipindupindu kilipoingia Misri alisafiri mpaka Alexandria. Wafaransa nao walipeleka watu wao, na kijana wao mmoja, Louis Thuillier, akafa kwa maradhi hayo hayo. Koch alihudhuria mazishi, ingawa Wajerumani na Wafaransa hawakuwa wakisalimiana kwa moyo. Kutoka hapo alikwenda Calcutta, na huko mwaka 1884 alikikamata kijidudu cha kipindupindu hata katika bwawa ambalo watu walifulia na kunywa humo humo. Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1892. Mji wa Hamburg ulikunywa maji ya mto Elbe kama yalivyo, na jirani yake Altona uliyachuja kwa mchanga. Hamburg ilizika zaidi ya watu 8,000. Altona ilinusurika, na palikuwa na mtaa ambao upande mmoja wa njia waliugua na upande wa pili wako salama.

Kuhusu tuberkulini, dawa aliyoitangaza mwaka 1890 kuwa itatibu kifua kikuu, sitasema mengi. Haikutibu, na sifa zake zilipata doa. Ilibaki kuwa kipimo cha kuwajua walioambukizwa, watu na ng'ombe.

Ile hamu ya ujanani ya kusafiri aliishibisha uzeeni. Mwaka 1897 alitoka Bombay, alikokuwa akichunguza tauni, akaja Dar es Salaam, akakaa mpaka 1898 akichunguza malaria, maradhi ya ng'ombe, na tauni iliyokuwako Kiziba, huko Bukoba. Alirudi mwaka 1905, mwaka ambao Majimaji ilizuka kusini, akafanya kazi Amani katika milima ya Usambara. Katika njia za misafara aliwachunguza papasi wa kwenye vibanda, akathibitisha kuwa ndio waletao homa ya kurudiarudia na kwamba hurithisha viini mpaka kwa mayai yao. Waingereza waliokuwa Kongo waligundua hayo hayo karibu wakati mmoja. Wapagazi wetu waliwaogopa papasi muda mrefu kabla ya wote hao, ila wapagazi hawakuandika. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1905 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kisha, mwaka 1906 na 1907, alipiga kambi visiwa vya Sese katika ziwa la Uganda. Malale yalikuwa yamewamaliza watu. Alitumia dawa ya atoksili, yenye zarniki ndani yake, na alipoona haitoshi aliongeza kipimo. Baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, wasione tena. Wasifu wake mwingi huipita Sese kwa sentensi moja. Mimi naona aliyekuwa mwangalifu hivyo na panya wa Wollstein alipaswa kuwa mwangalifu zaidi na watu wa Sese, ambao hakuna aliyewauliza kama wamekubali kujaribiwa.

Sasa nayarudia maziwa. Mwezi Julai 1901 palikuwa na mkutano mkubwa wa kifua kikuu London. Koch, ambaye neno lake lilikuwa kama sheria, alisimama akasema kuwa kifua kikuu cha ng'ombe si cha binadamu, kwamba ni nadra mno mtu kuambukizwa kwa maziwa, na kwa hiyo hakuna haja ya kuweka hatua za kuzuia jambo hilo. Nusu ya kwanza ilikuwa na ukweli, maana kweli vijidudu hivyo ni vya namna mbili. Nusu ya pili ilikuwa kosa. Palikuwa na matabibu ukumbini waliompinga pale pale, na Waingereza wakaunda tume mwaka huo huo kulichunguza neno lake. Yeye hakulegeza. Mwaka 1908, Washington, bado alishikilia hivyo hivyo.

Naandika haya nikimkumbuka kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na ng'ombe, nasi tulikunywa maziwa zizini, yana povu. Kaka alipata uvimbe wa matezi shingoni, ukapasuka, ukatoka usaha miezi kwa miezi. Wazee walisema ni kijicho, akaandikiwa makombe. Baadaye sana tabibu mmoja alitutajia kifua kikuu cha matezi, akauliza habari za maziwa. Kaka alipona kwa sindano na vidonge, lakini kola ya kanzu aliifunga mpaka juu siku zote za maisha yake. Ng'ombe yule hakupimwa, hivyo sina yakini. Ila nasoma kwamba kijidudu cha ng'ombe, kikipita tumboni kwa maziwa, hupenda sana matezi ya shingo za watoto.

Robert Koch alifariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, na majivu yake yamewekwa Berlin, ndani ya chuo cha utafiti chenye jina lake. Tume ya Waingereza ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 1911: kijidudu cha ng'ombe huwaambukiza watu, watoto hasa, na maziwa ndiyo njia yake. Aliyeihitaji zaidi ripoti hiyo alikuwa na mwaka mmoja kaburini.

Ruiru leo ni mji wa maziwa. Kiwanda cha Brookside kiko huko, na huko maziwa hupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Nyuzi 72 kwa sekunde 15 zatosha kukiua kijidudu cha Koch. Nikamwambia binti kuwa basi kazi imekwisha. Akatikisa kichwa. Akanikumbusha mwaka 2004, mahindi yaliyoota ukungu yalipowaua watu 125 kati ya 317 waliougua Makueni, Kitui, Machakos na hapo hapo Thika. Ile ni sumukuvu, sumu itokanayo na kuvu, na haiogopi moto wa sufuria. Ng'ombe akilishwa mahindi au mashudu yenye ukungu, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa yake, na kisahani cha faluda hakiioni, kwa sababu sumu haioti.

Nilipoondoka, alikuwa akingojea chupa za maziwa kutoka kwa wafugaji wa upande wa Thika, zikapimwe kwa mashine nyingine. Yangu ya asubuhi hiyo niliyanywa yamechemshwa, na iliki ndani.